Jirani anakata avoka yake juma hii, nataka kuchongamo bakuli mbele haijakuwa makala

Nguba_Bkv

Jambo yenu bote. Niko Bukavu, huku Nguba, kazi yangu ni ya biro, ufundi wa mbao sina hata kidogo. Lakini tangu zamani kidogo niko naangaliaka mavideo ya batu ba Sweden na Uingereza benye banachukuaka muti mubichi kabisa, wenye umetoka tu kuangushwa, banaupasua na shoka halafu banachongamo bakuli na miiko na mikono tu, bila masini, bila kura (umeme). Kwetu huku kwenye kura inakuja kama inataka, ile njo ilinivuta mbele ya vyote.

Sasa jirani yangu iko na avoka muzee, shina yake mikono yangu miwili haiwezi kuizunguka. Anataka kuikata juma hii ju mizizi imeanza kusukuma kiambaza cha nyumba. Muchoma makala alishapita kuuliza bei. Jirani ameniambia nichukue kipande nataka mbele ya Jumamosi, kisha Jumamosi yote inaenda.

Kwa hiyo naomba munisaidie haraka. Avoka inafaa kwa bakuli ao napoteza nguvu? Nichukue sehemu gani na niichunge namna gani, ju sitaweza kuchonga vyote siku moja, niko na wikendi tu? Halafu kile kisu cha kupinda cha kuchimbia ndani, kwenye intaneti naona cha Mora cha Sweden, lakini transporti ya kukifikisha Bukavu inapita bei ya kisu chenyewe, sasa muhunzi wa huku anaweza kunifanyizia kitu kama kile? Na mafuta ya kupaka, nataka tulie ndani, siyo ya kupamba saluni. Mama mukwe amesema mawese, video zinasema mafuta ya lini (ya mbegu za kitani). Aksanti.

Chukudu_Himbi

Karibu ndugu. Mimi ni wa Goma, baba mudogo wangu anatengenezaka chukudu (ile kinga ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo), kwa hiyo muti mubichi nimekomalia ndani yake. Bafundi ba chukudu hawangojeake kalitusi ikauke, ju ikisha kukauka tezo (kile chuma cha kuchongea chenye mdomo umelala kama jembe) inaruka tu juu yake na mkono unakufa ganzi. Ile mambo ya Sweden unaona kwenye video, huku iko kazi ya kila siku, ni vile tu hakuna mwenye alitupigia kamera.

Avoka ni nzuri sana kwa mwenye kuanza. Ni laini, inakatika vizuri, rangi yake ikikauka inakuwa ya maziwa ya chai. Ubaya wake ni kwamba haina nguvu ya kudumu chini, ukiiacha kwenye udongo na mvua vidudu na ukungu vinaingia upesi, kwa hiyo usiilaze inje ukisema utarudi mwezi ujao.

Sasa sikiliza hii ya kukata, ndio yenye maana kupita kisu, kupita mafuta, kupita vyote. Usichukue kipande cha muviringo ukakiweka ndani ya nyumba kikiwa muzima. Kitapasuka tu, hata ukikifunika na nini. Muti ukikauka unapunguka, lakini haupunguke sawa pande zote: kufuata zile duara za ndani unapunguka karibu mara mbili kuliko kutoka ganda kwenda katikati. Sasa duara inataka kufupika na katikati haitaki kuifuata, lazima pahali pamoja paachie. Kwa hiyo siku ile ile ya kuangusha, pasua shina katikati na shoka na vipande vya chuma ao vya muti mugumu (bafundi banaviita kabari), upite ndani ya moyo wa muti kabisa. Halafu ule moyo wenyewe, ile nukta ya katikati, uutoe wote, vidole viwili kila upande. Usiuachie hata kidogo chini ya bakuli. Mwenye kuacha moyo ndani anajitafutia.

Urefu: kata zaidi ya bakuli yenye unataka, ongeza kama sentimita 10 kila mwisho, ju mwisho ndiko maji inatokeaka mbio na ndiko nyufa zinaanzia. Paka pale mwisho rangi ya zamani ao nta ya mishumaa yenye umeyeyusha. Vipande vya wikendi zijazo vitumbukize ndani ya pipa ya maji, vizame kabisa, uweke jiwe juu. Vitanuka, utabadilisha maji, lakini havipasuke.

Kuhusu kisu: achana na Mora. Enda kwa bale benye kuuza vyuma vya magari, uombe resori ya zamani, ile ya bapabapa ya Fuso ao ya Land Cruiser. Ni chuma chenye kinakubali kunolewa. Mupelekee muhunzi, umwambie akutolee tezo ndogo, mdomo wake upindwe kidogo mbele na kidogo pembeni kama kijiko, ju tezo ya kawaida yenye mdomo wa sawa itakuchimbia pembe ndani ya bakuli. Kisu cha kupinda kinatoka ndani ya mabaki ya ile ile resori. Kwa kukikomaza: akipashe moto mpaka sumaku ikatae kukishika, akitumbukize ndani ya mafuta, siyo maji (maji inaweza kukipasua), halafu akipashe tena polepole mpaka chuma chenye kusuguliwa kionyeshe rangi ya majani makavu. Akiruka hii ya mwisho, mdomo utakatika kama gilasi siku ya kwanza.

MamaUshindi_Panzi

Mwanangu wa Nguba, mwambie mama mukwe kwa heshima kwamba mawese hapana. Mawese haikauke. Utapaka, utafuta, utapaka, na bado bakuli itashika vidole, itakusanya vumbi, kisha mwezi ukiisha itaanza kunuka mafuta ya zamani na kila bugali utaweka ndani itatoka na rangi. Karanga vilevile haikauke. Mafuta ya lini ndiyo yanakauka, yanakuwa kama ngozi nyembamba ndani ya muti, lakini usinunue ile ya maduka ya rangi yenye wameandika imechemshwa, banatiamo madawa ya vyuma ya kukaushia na ile siyo ya kulia. Tafuta ile mbichi ya kula. Na kitambaa chenye umepakia usikikunje ukakitupa kwenye kona! Kinajipasha moto chenyewe mpaka kinawaka. Kitandike inje kikauke, ao kitie ndani ya maji.

Lakini mimi nasema hivi, kwa nini mafuta hata? Kinu yangu ya sombe haijapakwa kitu tangu siku iliingia kwangu, na mwiko wa bugali vilevile. Unaosha na maji ya moto, hauachi ulale ndani ya maji, unakausha pa kivuli na siyo karibu ya babula (jiko la makala), basi. Kama unataka ing'ae kidogo, nunua nta kwa benye kuuza asali, usugue na mkono wako mwenyewe.

Halafu nyie vijana munapenda bakuli bakuli. Anza na mwiko. Mwiko unakufundisha kisu, ukikosea umepoteza kakipande ka tawi.

Katuba_Lshi

Mama Ushindi nakubaliana na mafuta, ila kuhusu mwiko kwanza sikubali, mwiko ni mugumu kuliko bakuli ju uko mwembamba na nyuzi zinakukimbia. Kila mutu na yake.

Chukudu amesema vizuri lakini yeye anakaa Goma kwenye umande wa kila siku. Mimi niko Lubumbashi, na huku kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna tone, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, bakuli yenye ingekauka polepole Bukavu huku inalia "ta!" usiku na asubuhi unaikuta imefunguka. Kwa hiyo nyie ba Kivu muko na bahati, musiichezee kwa kuweka bakuli juani "ikauke mbio".

Njia yangu: nikisha kuchimba, nafukia bakuli ndani ya maranda yake yenyewe, ndani ya karatasi ya mufuko wa simenti, nafunga. Maranda yanashika unyevu, inatoka kidogo kidogo. Plastiki pia inaweza kusaidia siku za kwanza, lakini ufungue kila siku ukigeuze ndani inje, la sivyo ukungu. Kwa kujua kama imekauka usibahatishe na macho, iweke juu ya balansi ya jikoni kila juma na uandike. Siku uzito unakataa kushuka, imekauka. Kuna bengine banaichemsha ndani ya sufuria kubwa, saa moja kwa kila sentimita mbili na nusu ya unene, inapunguza nyufa kweli, ila makala yenye utachoma mama bibi atakuuliza.

Na unene uwe sawa pote. Hii batu hawaisemi ya kutosha. Chini nene na pembeni nyembamba, pembeni inakauka kwanza na kuvuta chini isiyotaka, inapasuka palepale zinapokutana. Kama unamaliza yote muti ukingali mubichi, shuka mpaka kama sentimita moja, itajipinda kidogo iwe yai na hiyo siyo shida, ndio uzuri. Kama unataka kurudi kuimalizia ikisha kukauka, acha unene wa kama sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli ya sentimita 30, unene sentimita 3. Papye vere (msasa) usiiguse mbele ya kukauka, itajaa uchafu na kuteleza tu.

Kwa miti: huku natumiaka sana jakaranda ya barabarani wakipunguza matawi, laini kama avoka na hainuki. Mukula watu wanauliza kila siku, usiniulize, ni mugumu, vumbi yake inawasha pua, na tangu 2019 biashara yake ya inje iko chini ya CITES (mapatano ya dunia ya kuchunga miti na nyama za pori), kwa kazi ya kufurahisha moyo tu sioni sababu ya kuutafuta. Na kama kuna mwenye anafikiri bakuli ni kitu cha bazungu, aangalie mboko ya Baluba, yule mwanamuke wa kuchongwa anashika bakuli mbele yake, mulikuwa mpemba (udongo mweupe) ndani, muaguzi aliitumia. Zile nzuri nyingi ziko kwenye muzeo ya Tervuren, Ubelgiji. Ni muti umoja, mutu na bakuli vyote vimetoka ndani ya kipande kimoja, na aliyechonga hakuwa na Mora.

Nguba_Bkv

Aksanti sana, mama na bakubwa. Leo niliongea na muhunzi, anasema tezo anaweza, kisu cha kupinda hajawahi ila atajaribu. Maswali mbili tu. Nikisha kupasua, mudomo wa bakuli unakuwa upande wa kule nimepasua ao upande wa ganda? Na jirani iko pia na gravileya yenye atapunguza matawi, nichukue?

Chukudu_Himbi

Kwa kuanza, mudomo upande wa kule umepasua, tumbo upande wa ganda, umbo liko nusu tayari na unatupa kidogo. Kinyume chake pia kinafanyika, mudomo upande wa ganda, zile duara zinatokea ndani kama mawimbi, ila inataka kipande kinene na mkono wenye umezoea.

Chimba ndani kwanza na tezo kipande kikiwa bado kizito na bapa inje, ju kinatulia juu ya gogo. Ukianza na inje kitakuwa kinabingirika na wewe unakifuata na tezo, na vidole viko pale. Nyuzi zikate kutoka mwisho kuelekea katikati, pande zote mbili, ukivuka katikati zinanyanyuka na kung'oka.

Gravileya chukua, iko na madoa mazuri kabisa, ila kuna batu ngozi yao inaikataa, vumbi na maji yake inatoa vipele. Jaribu na kitawi kimoja, uvae mikono mirefu, uangalie siku mbili.

MamaUshindi_Panzi

Na matawi ya avoka yenye kupinda usimwachie muchoma makala yote. Chagua yenye imepinda vile kijiko cha supu kinapinda. Nyuzi zinafuata kona, haikatike shingoni hata ukikoroga fufu ya batu kumi. Ya sawa sawa ndio yanakatikaka.

Nguba_Bkv

Mama, sasa hivi naenda kuyatia alama na chaki mbele ya giza.