Besimenti imeingia maji: nimwulize nini fundi wa pampu kabla sijasaini?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo.

Huu ni mwaka wetu wa kwanza katika nyumba hii. Theluji ilipoanza kuyeyuka tuliamka tukakuta besimenti (chumba cha chini ya nyumba, ardhini) ina maji ya kufika vifundoni, upande mmoja tu. Tukayachota, tukawasha feni siku tatu. Wiki iliyofuata ikanyesha mvua, yakarudi palepale. Fundi amekuja, ametazama kama dakika kumi, akasema tuchimbiwe shimo la kukusanyia maji na kuwekewa pampu ya kuyatoa nje, kisha akatoa mkataba tusaini hapohapo kwa sababu bei yake ni ya leo tu. Mume wangu anataka tusaini tulale usingizi. Mimi roho inasita. Nani amepitia haya?

Mama Mapacha

*

Marahaba Mama Mapacha, na poleni sana. Roho yako inasita kwa haki. Maji yameshaingia, hayatazidi kuwa maji kwa sababu umesubiri wiki moja upate mafundi wengine wawili wa kulinganisha.

Mimi niliwekewa pampu mara mbili katika nyumba moja, kwa hiyo nina la kusema. Fundi wa kwanza alichimba shimo, akatumbukiza pampu, akapitisha bomba ukutani na kumwaga maji nje, hatua moja tu kutoka kwenye msingi. Pampu ikawa hainyamazi usiku wala mchana. Tuliona inafanya kazi kweli, kumbe ilikuwa inavuta maji yaleyale: yanatoka, yanazama udongoni, yanarudi shimoni. Ikaungua kabla ya miaka miwili kwisha. Fundi wa pili alipokuja hakushuka chini kwanza. Alizunguka nyumba nje akitazama paa, mifereji ya mvua na jinsi udongo ulivyolala. Hapo ndipo nilipojua nimepata fundi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: maji yanatoka wapi? Kama mifereji ya paa imeziba majani, au bomba la kuteremsha maji ya mvua linamwaga chini ya ukuta, au udongo umeinama kuelekea nyumba, utaweka pampu na bado utapambana. Kurekebisha hayo ni kazi ya jumamosi moja. Na kama ni unyevunyevu tu ukutani, bandika kipande cha nailoni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache siku mbili. Unyevu ukiwa upande wa chumbani, ni hewa yenu ya ndani inayogeuka maji juu ya ukuta baridi. Ukiwa nyuma ya nailoni, unatoka ardhini. Lakini ninyi mmeogelea, Mama Mapacha, kwa hiyo naamini pampu mtaihitaji.

Swali la pili: maji yatafikaje shimoni? Shimo peke yake kwenye kona huokoa kona. Nyumba nyingi huhitaji kupasuliwa zege pembeni mwa kuta, kulazwa bomba lenye matundu ndani ya kokoto, na bomba hilo kuelekezwa shimoni. Ni kazi ya vumbi na kelele, na ndiyo inayokula pesa. Pampu yenyewe ni sehemu ndogo ya gharama. Fundi akikupa bei moja ya jumla, mwambie aandike mita ngapi za bomba, shimo la kina gani, pampu ya nguvu gani, na nani atarudishia zege.

Shimo lisiwe la kubana. La upana wa sentimita 45 na kina cha 60 au zaidi ni la kawaida. Likiwa dogo, boya la swichi (kitu kinachoelea, kikipanda na maji huwasha pampu, kikishuka huizima) hukwama ukutani na pampu haiwaki, au haizimi. Boya linalopanda na kushuka wima halihitaji nafasi kubwa kama lile linaloning'inia kwenye waya.

Swali la tatu: yatakwenda wapi? Miji mingi hairuhusu maji haya kuingizwa kwenye bomba la majitaka, na jirani naye hatafurahi ukimpelekea. Bomba lifike mbali na msingi, mita tatu au zaidi, mahali ambapo ardhi inateremka kuondoka. Kwenye baridi kali mdomo wa bomba huganda, pampu ikasukuma barafu hadi ikaungua, basi mwulize amejipangaje kwa hilo. Juu ya pampu lazima kuwe na valvu ya kuzuia maji yasirudi. Asipoitaja mwenyewe, achana naye.

Na shimo liwe na mfuniko unaobana. Mna watoto. Tena kuna gesi ya redoni, haina rangi wala harufu, hutoka ardhini na huleta saratani ya mapafu. Shimo wazi ni mlango wake. Kipimo chake mnaweza kuweka wenyewe nyumbani.

Baba wa Ghorofani (jina la utani la zamani, sasa nimeshuka chini)

*

Mimi ni msomaji mwingine, naongezea ya umeme, maana ndiyo kazi yangu. Mvua kubwa na umeme kukatika ni ndugu. Pampu bila betri ya akiba itakuacha usiku uleule unaoihitaji. Betri hudumu saa kadhaa tu pampu ikifanya kazi mfululizo, na baada ya miaka mitatu hadi mitano huwa imechoka hata kama haijatumika, kwa hiyo andikeni tarehe juu yake. Kuna pampu za akiba zinazoendeshwa na presha ya maji ya bomba la mji. Nzuri, ila kama maji yenu yanatoka kisimani kwa pampu ya umeme hazina maana.

Pampu iwe na laini yake ya umeme, isishirikiane na friji wala mashine ya kufulia. Msikubali waya wa kurefushia. Na huyo mchimba shimo asiguse boksi la umeme kama hana leseni ya umeme. Fundi bomba mzuri atakuambia mwenyewe kwamba analeta mwenzake.

*

Asanteni mno kaka zangu. Nimemsomea mume wangu yote, amenyamaza, kisha akatoka nje kutazama mifereji. Imejaa majani! Swali moja la mwisho: huyu fundi wa kwanza anataka nusu ya pesa kabla ya kuanza. Ndivyo ilivyo?

Mama Mapacha

*

Kishika uchumba ni kawaida, nusu ni nyingi mno kwa mtu usiyemjua. Gaweni malipo kwa hatua: kidogo mkisaini, kingine zege likipasuliwa na bomba kulazwa, na cha mwisho kibaki mikononi mwenu hadi mmwage ndoo za maji shimoni mbele yake, boya linyanyuke, pampu iwake, inyonye, izime yenyewe, na mtoke nje mwone maji yanamwagika wapi. Kabla ya yote, mwombeni leseni na cheti cha bima, kisha mpige simu kwa aliyetoa cheti kuhakikisha bado ni hai. Mwulize pia nani anachukua kibali cha halmashauri. Akisema kichukueni ninyi ili kazi iende haraka, huyo anakwepa mkaguzi.

Na pigeni simu kwa bima yenu wenyewe leo. Bima za kawaida za nyumba mara nyingi hazilipii maji yanayotoka ardhini, wala pampu ikishindwa. Kuna nyongeza ya kununua, ila haitalipia maji ambayo tayari yamo ndani.

Baba wa Ghorofani

*

Baba wa Ghorofani, bima wamesema hatuna hiyo nyongeza. Fundi wa pili anakuja alhamisi. Nimemwambia aje na buti za mvua, aanzie nje.

Mama Mapacha