Mboga za Mto Mirongo: tufyeke bustani au tupime udongo kwanza?

Wakuu, kila habari ya madini mazito (metali zenye sumu kama risasi, yaani lead, kadimiamu na zebaki) kwenye mboga za mjini ikitajwa hapa Mwanza, wapo wenzetu wenye jibu moja tu: bustani za kando ya Mto Mirongo zifyekwe zote, tule mboga za kutoka vijijini. Mimi napinga.

Sipingi kwamba hatari ipo. Mirongo unakatiza katikati ya jiji, unapokea maji ya mitaro, kisha unaingia Ziwa Victoria. Fundi anapasua betri ya gari iliyokufa, anamwaga maji yake mtaroni, zile sahani za risasi anaziweka pembeni zimsubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Mtaro unashuka mtoni. Chini kidogo kuna mama anachota kwa ndoo, anamwagilia matuta ya mchicha na chainizi, na kabla ya kwenda sokoni anasuuza mafungu kwa maji yaleyale ili yaonekane mabichi.

Hapo kuna mambo mawili tunayoyachanganya. Risasi kwa sehemu kubwa hunata juu ya jani pamoja na vumbi na udongo, kwa hiyo kuosha vizuri kwa maji safi kunapunguza. Kadimiamu haioshwi. Mzizi unaivuta mpaka ndani ya jani, na mboga za majani huivuta kuliko nyanya. Kuchemsha kunaua vimelea vya kipindupindu, lakini madini hayaungui. Kadimiamu ikishaingia mwilini hujikusanya kwenye figo, na hata nusu yake tu huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Ndiyo maana wale wanaosema "tumekula siku zote na hatujafa" wananikera sana. Sumu hii haiui kwa siku moja.

Sasa kwa nini nakataa kufyeka? Kwa sababu hakuna anayeweza kutazama tuta akajua lina nini. Mchicha wenye kadimiamu unaweza kustawi na kupendeza kuliko jirani yake. Viwango vya juu vinavyoruhusiwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kwa mboga za majani ni miligramu 0.3 za risasi na 0.2 za kadimiamu kwa kilo. Hivyo vinaonekana maabara tu. Na za vijijini nani kazipima? Baadhi ya mbolea za fosfeti zina kadimiamu, na upande wa Geita wachimbaji wadogo wanakamatia dhahabu kwa zebaki.

Najua nitatajiwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, inayokataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Sawa, isimamiwe. Ila mita hizo hazikuandikwa kwa ajili ya wakulima peke yao. Gereji na wauza oili chafu walioko ukingoni mbona hawaguswi?

Ninachotaka ni hiki. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapahapa Mwanza. Maji na udongo vipimwe eneo kwa eneo, matokeo yabandikwe ofisi za mitaa na sokoni Kirumba, mnunuzi asome mwenyewe. Palipozidi, mboga za majani zikome mara moja, mkulima apewe sehemu nyingine. Hapo pawe kitalu cha miche ya miti au maua. Ambapo hapajazidi lakini udongo una asidi nyingi, chokaa na samadi husaidia mizizi isivute kadimiamu kwa wingi. Na betri chakavu ziwe na mahali pa kupokelewa, maana bila hilo tutapima kila mwaka na kila mwaka hali itazidi.

Mnaosema zifyekwe, nijibuni: mkishamwondoa yule mama na ndoo yake, maji ya betri yanayoshuka Mirongo yataenda wapi, kama si kwenye ziwa tunalovua sato na dagaa?