Korongo nyangumi wa Bangweulu: niende mwezi gani?

Habari wadau. Nataka kwenda kwenye vinamasi vya Bangweulu, Zambia, kumwona korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Niende lini, na hufikiwa kwa mtumbwi au kwa miguu?

Jibu: Mei hadi Julai. Maji yakishapungua, huhamia ndani kabisa ya matete.

Jibu: Mimi nilienda Juni, na ni vyote viwili. Mtumbwi ulisukumwa kwa upondo, kisha tukashuka kukanyaga majani yanayoelea. Kila hatua yanabonyea kama godoro, maji hadi magotini. Usivae mabuti, yakijaa maji hutoki.

Tulimkuta amesimama kimya, kimo zaidi ya mita moja, mdomo kauinamishia kifuani. Nusu saa nzima hakutikisika. Ghafla akajitupa mzima mzima majini, akaibuka na kamongo pamoja na fungu la majani, akawa anatikisa kichwa majani yadondoke. Nililia kwa furaha.

Nakuomba sana, usimshurutishe kiongozi akusogeze kwenye kiota. Hutaga mayai mawili hivi, na kwa kawaida hukua kinda mmoja tu.

Muulizaji: Nimekuelewa, asante. Na lechwe weusi, wale swala wa kinamasini?

Jibu: Utawaona makundi kwa makundi. Asili yao ni hapo tu.