Naomba ushauri: kibanda cha mbao Lushoto mwezi wa Julai

Mwana wa Nyegezi: Wakuu, habari za jioni. Ninafikiria kukodi kibanda kidogo cha mbao katika milima ya Usambara, juu ya mji wa Lushoto, kwa siku tano. Hakina umeme, maji huchotwa nje, na mwenyewe ameniambia kwamba usiku wageni huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto. Je, sisi wa Mwanza tutaiweza baridi hiyo?

Sangara Mkavu: Mimi nilikwenda huko mwaka 2019 na fulana mbili tu. Usiku wa Julai joto hushuka karibu na nyuzi 10, nami nililala na viatu huku mwenzangu akinicheka, hadi naye akaomba soksi. Hizo kona za kupanda kutoka Mombo sizisemi; nilitapika.

Mama Kirumba: Acheni soksi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini huenda asiamke. Mwanangu, umesema "tutaiweza". Unakwenda na nani?

Mwana wa Nyegezi: Na mama yangu, ana miaka 71. Ana pumu, lakini si kali, na dawa yake ya kuvuta huwa haiachi. Nusu ya kodi nimekwisha kuilipa, na dirisha tutaliacha wazi kidogo.

Mpiga Kasia: Mzazi mgonjwa hatembezwi hivyo. Mpeleke Kisiwa cha Saanane akapunge upepo, jioni arudi kitandani kwake.

Wakili wa Mtaani: Hadithi hii ina tobo. Mwenye pumu asafirishwe kutoka Mwanza hadi Tanga, kisha alazwe kibandani wakati mjini Lushoto kuna nyumba za wageni zenye umeme? Ninashuku wewe ndiye mwenye kibanda, na hapa unakitangaza.

Mwana wa Nyegezi: Anayetangaza asingetaja mkaa. Mama ni Msambaa. Kibanda hicho kimejengwa katika shamba alilozaliwa, ambalo wajomba zangu waliliuza bila kumwarifu, na sasa hakuna ndugu huko ambaye mama anataka kufikia kwake.

Wakili wa Mtaani: Niwie radhi, mkuu.

Mama Kirumba: Basi mpeleke asubuhi, akae hadi jua lipungue, kisha mlale mjini. Akishikilia kulala hapo, jiko libaki nje na mbebe mablanketi.

Mwana wa Nyegezi: Nimemsomea. Jiko amekubali libaki nje, ila mjini halali. Anauliza kama ile mipeasi bado ipo.