SGR (reli mpya ya Mombasa–Nairobi) inajaa kila siku, mbona deni haliishi? Naomba mwenye kujua anieleze

MamaMbaazi (Mariakani)

Hamjambo. Nina swali, na nataka jibu la hesabu, si la chama.

Nauza mahamri na mbaazi hapa Mariakani tangu 2009, kando ya barabara kuu, si mbali na mizani ya malori. Wateja wangu ni madereva wa matrela na utingo wao. Zamani foleni ya mizani ikiwa ndefu, sufuria mbili za mbaazi zilikwisha kabla ya saa tatu asubuhi. Wengine walikula kwa deni wakienda Malaba, mpakani na Uganda, wakalipa wakirudi. Nina daftari lile hadi leo, na walionidhulumu hawafiki watano.

Treni ilipoanza Mei 2017 nilifurahi kama mtu mwingine yeyote. Mamangu alikuwa na miaka sabini na kitu na hajawahi kuiona Nairobi. Nilimpandisha kituo cha Miritini, Mombasa, nauli shilingi 700, akaketi dirishani. Tulipoingia Tsavo akaona ndovu wekundu, akanishika mkono na hakuuachilia hadi Mtito Andei. Siku hiyo siwezi kuikana.

Kisha makontena yakaamrishwa yapande reli. Foleni ikakatika. Unga niliokuwa nakanda kilo 10 kila alfajiri ukashuka hadi kilo 4. Kulikuwa na binti akinisaidia, ana watoto wawili. Nilimwambia jioni moja, vyombo vimeshaoshwa, kwamba kesho asije. Alikunja leso yake akaondoka bila neno. Linaniuma bado.

Nikajiambia, sawa, reli ni ya nchi nzima, acha niumie mimi wengine wapone. Lakini juzi mwanangu, yuko kidato cha tatu, ameniuliza: "Mama, treni inajaa mpaka watu wanakosa tikiti Desemba, nauli imepanda hadi 1,500, mbona deni lake bado tunalilipa kwa kodi?" Nilikosa jibu. Na nimekuja kujua kwamba kuna ushuru wa reli kwenye thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, na ulianza 2013 kwa 1.5%, treni yenyewe haijaonekana. Kwa hiyo jiko la gesi nililonunua Kongowea lilikuwa na tikiti ya treni ndani yake, na mimi nimepanda mara moja tu!

Tafadhali msiniambie "wameiba" mkaishia hapo. Wizi naujua. Ninachouliza ni hiki: wangekuwa malaika watupu, ingelipa?

---

Hesabu_Syokimau

Mama, shikamoo. Swali lako ndilo lililopaswa kuulizwa mwaka 2013. Mimi ni mhasibu, nakaa karibu na kituo cha Nairobi, na honi ya treni ya usiku naisikia nikiwa kitandani. Chukua kalamu.

Tuseme treni moja inabeba watu 1,200 na hakuna kiti kitupu. Tuseme kila mmoja amelipa 1,500 na amesafiri mwisho hadi mwisho. Hiyo ni shilingi milioni 1.8 kwa safari. Tuseme safari nne kwa siku, kila siku, hata sikukuu. Kwa mwaka unapata kama shilingi bilioni 2.6.

Reli ya Mombasa–Nairobi, kilomita 472, iligharimu takriban bilioni 327. Gawanya. Miaka 124.

Ndiyo maana kujaa kwa abiria hakukuwa dawa tangu mwanzo. Hakuna aliyepanga abiria walipe deni lile. Mzigo ndio ungelipa. Reli iliuzwa kwetu kwa ahadi ya kubeba tani milioni 22 kwa mwaka, na hadi 2023 haikuwa imefika hata theluthi yake. Wanaopanga waliliona pengo mapema, ndiyo maana bandari ikatiwa kwenye makubaliano ya kuihakikishia reli kiasi fulani cha mzigo, na kikipungua bandari ifidie. Makontena yaliyokutoroka hapo mizani yalikuwa yanasukumwa na makubaliano hayo, mama. Hayakuhama kwa kupenda.

Halafu mkopo. Mwaka 2014 Exim Bank ya China ilitukopesha takriban dola bilioni 3.2, kwa mafungu mawili yanayokaribiana. Moja lina riba nafuu ya 2%. La pili ni mkopo wa kibiashara, riba yake ilikuwa ikipanda na kushuka na soko la dunia. Tulipotia saini, dola moja ilikuwa kama shilingi 88. Januari 2024 ikafika 160. Abiria analipa kwa shilingi, deni lilidai dola hadi 2025. Hapo hata malaika angetoka jasho.

---

UtingoMstaafu

Mama Mbaazi! Huenda jina langu limo kwenye daftari lako. Kama limo, niambie, nitakuja kulipa.

Huyo mhasibu amesema kweli, ila ana hesabu za ofisini. Mimi nina za barabarani, miaka kumi na tisa nimelala kwenye kabini.

Trela linachukua kontena bandarini na kulishusha mlangoni pa mwenyewe. Basi. Kwa treni, kontena linapandishwa bandarini, linashushwa Embakasi, Nairobi, linakaa yadi, halafu mwenye mali anatafuta lori la kulitoa Embakasi hadi Eneo la Viwanda. Kila kuinua na kushusha kuna anayelipwa. Tena kontena tupu lazima lirudi Mombasa. Mwenye mali akijumlisha anaona lori lilikuwa nafuu, na lilikuwa linafika na dereva anayemjua kwa jina na simu yake anayo. Ukishalazimisha watu kwa amri watumie kitu kilichojengwa kwa ajili ya kuwapunguzia gharama, ujue kimekosewa.

Na mzigo wa Uganda je? Mpango ulikuwa reli ifike Malaba. Awamu ya pili ikatoka Nairobi, ikatoboa Ngong kwa handaki la kilomita kama nne na nusu, ikala takriban bilioni 150 kwa kilomita 120, ikafunguliwa Oktoba 2019 na kuishia Suswa. Suswa, mama! Nimepita pale mara ngapi: nyasi, mbuzi na upepo. Pesa za kuendelea hadi Kisumu hazikutoka wakati ule. Reli ile ya Mwingereza, waliyoianza Mombasa 1896, ilifika ziwani 1901. Ni nyembamba, mita moja tu, kwa hiyo behewa la SGR haliwezi kuipanda. Kontena la Kampala linabidi lishushwe bondeni na kupakiwa upya, kwa treni ya zamani au kwa lori.

Jibu langu: reli ya kutoka bandarini hadi mpakani ingekuwa na nafasi ya kulipa. Nusu reli hailipi nusu. Inalipa pungufu ya hapo.

---

Wa_Msamvu

Dada, pole sana. Niko Morogoro, nauza korosho na maji kwa abiria wa mabasi pale Msamvu, nimesoma habari yako nikajiona mwenyewe.

Kwetu Tanzania jiwe la msingi la SGR ya Dar–Moro liliwekwa Aprili 2017. Tuliambiwa miezi 30. Abiria wa kwanza wakapanda Juni 2024. Miaka yote hiyo tunapita pembeni tunaona nguzo za umeme zimesimama, nyaya zimefungwa, treni hakuna. Ilipoanza nilipanda kwa shilingi 13,000 za kwetu, na nasema bila kinyongo kuwa ni safi na inakimbia. Ila ya mizigo ilichelewa kuliko ya abiria, na kama ndugu wa Syokimau anavyosema mzigo ndio unaolipa, basi na sisi tuna la kuuliza.

---

Sina_Chama

Naongeza moja. Mama, ulisema malaika. Malaika angetuonyesha karatasi.

Kampuni iliyopewa kazi ya kujenga, China Road and Bridge Corporation, ndiyo iliyofanya upembuzi wa kama mradi unafaa, tena bure, chini ya makubaliano ya 2009. Hakukuwa na zabuni ya ushindani. Fundi ndiye aliyekuambia nyumba yako inahitaji ghorofa, kisha akajipa kazi ya kuijenga. Mikataba ya mkopo ilitiwa saini 2014, na hadharani tuliiona Novemba 2022, miaka minane baadaye, Murkomen, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, alipotoa sehemu yake. Humo tukakuta kwamba mgogoro ukitokea unaamuliwa Beijing. Makosa aliyoyataja mhasibu na ya utingo yangeonekana mapema kama hesabu zingewekwa mezani wenye kulipa wakiwa macho.

---

MamaMbaazi (Mariakani)

Ahsanteni, Mungu awabariki. Nimeyasoma kwa sauti jikoni, mwanangu akiandika.

Utingo, kama ni wewe uliyekuwa na lile lori la buluu lenye turubai lililoshonwa, unadaiwa chapati na mbaazi za siku mbili, lakini nimekusamehe. Tangu amri ile iondolewe Septemba 2022 malori yamerudi, si kama zamani. Nimefika kilo 7. Yule binti nilimtafuta, ameshapata kazi Mazeras, sikuweza kumrudisha.

Mhasibu, nina swali moja tu. Mwanangu amejumlisha 2017 na 124 kwenye mfuko wa unga, amepata 2141. Anauliza, hiyo ni pamoja na riba?

---

Hesabu_Syokimau

Hapana, mama. Ni bila riba. Na bila dizeli, na bila mshahara wa dereva.