MREJESHO: Vituo vya kufundishia wainjilisti

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niliwauliza kama kanisa letu mkoani Singida lijenge chuo kimoja cha wainjilisti mjini au ligawe vituo wilayani. Wazee wameamua: vituo viwili, Manyoni na Kiomboi.

Manyoni imeshinda kwa sababu ya njia. Anayetoka Itigi, Dodoma au Singida mjini anafika kwa basi moja. Kiomboi tuna jengo la usharika, ila maji bado, na hilo linaninyima usingizi.

Ushauri wa kufuata msimu tumeuchukua. Masomo yataanza Julai, mavuno yakiisha, maana wainjilisti wetu wengi ni wakulima. Mvua za Desemba hadi Aprili hawawezi kuacha shamba. Wake zao pia watasoma. Hili nililipigania sana.