Columbus hadi California na masanduku manne: basi, treni au ndege?

Kutoka: Dada wa Columbus

Habari za jioni wote,

Mdogo wangu na wifi yangu wamekuja kunitembelea hapa Columbus, Ohio, kutoka Tanga. Viza yao ni ya matembezi, na ndege yao ya kurudi nyumbani inaondokea San Francisco mwishoni mwa mwezi ujao. Katikati hapo wamejipangia wenyewe: Chicago siku mbili, Denver, Salt Lake City, halafu wamalizie kwa rafiki yao Oakland. Mimi nina zamu, siwezi kuwasindikiza. Wana masanduku manne ya kilo 23, na mnamjua wifi akishaingia madukani, hakuna hata moja lenye nafasi.

Nimekaa na simu mpaka macho yanauma. Naona ndege ya bei ya kuchekesha, nikifika kwenye kulipa inakuwa bei ya kuliza. Basi naambiwa ni rahisi ila wanaogopa. Wenye uzoefu naomba mnielekeze, na msiniambie nikodi gari, kwa sababu mdogo wangu hajawahi kuendesha upande wa kulia.

---

Kutoka: Mdau wa Minneapolis

Basi tu, dada. Greyhound na FlixBus siku hizi ni mali ya mtu mmoja, Wajerumani wa Flix waliinunua Greyhound mwaka 2021, kwa hiyo ukifungua programu moja unaziona zote. Nunua mapema, safiri Jumanne au Jumatano, kwepa Ijumaa na Jumapili. Mimi nimezunguka nusu ya nchi hii kwa basi nikiwa chuoni na sijaguswa na mtu. Uoga wa basi ni hadithi za watu ambao hawajapanda.

---

Kutoka: Muuguzi wa Oakland

> Basi tu, dada.

Kaka, wewe ulikuwa mwanafunzi mwenye begi la mgongoni. Hawa ni watu wawili na masanduku manne. Hapa tuanze kuhesabu mizigo, bei ya tiketi ije baadaye.

Greyhound wanakupa sanduku moja bure la kwenda chini ya basi, pauni 50. La pili unalipia. Ndege za bei poa ndiyo kabisa: Frontier cha bure ni kibegi cha kuingia chini ya kiti, kisizidi inchi 14 kwa 18 kwa 8, yaani hata begi la shule la mtoto wangu linabishana nacho. Southwest ndiyo ilikuwa kimbilio letu, masanduku mawili bure kila mtu, lakini tangu tarehe 28 Mei 2025 tiketi zao nyingi nazo zinatozwa. Walianza na dola 35 sanduku la kwanza na 45 la pili. Kwa watu wawili wenye manne hiyo ni dola 160 kila mkiruka, na kutoka Chicago tu nyie mtaruka mara tatu. Dola 480 za mizigo tu, tiketi bado.

Kwenye treni za Amtrak, abiria wa kiti cha kawaida ana masanduku mawili bure kwenye behewa la mizigo, kila moja pauni 50, ambazo ndizo hizo kilo 23 mlizokuja nazo. Juu yake kuna vya mkononi. Chicago, Denver, Salt Lake na Emeryville, mlango wa pili na Oakland, zote zinapokea mizigo, ila muwe kaunta angalau dakika 45 kabla, wakifunga wamefunga.

Na bahati yao, njia waliyojichagulia ni ya treni moja. California Zephyr inaondoka Chicago kila siku saa 8 mchana. Asubuhi inayofuata iko Denver, usiku wake Salt Lake, jioni ya siku ya tatu iko Emeryville. Maili 2,438, saa 50 na ushee kwa asiyeshuka njiani. Hao watashuka na kupumzika kila kituo, kwa hiyo wakate tiketi tatu tofauti, mapema iwezekanavyo, maana bei inapanda kadiri viti vinavyoisha.

Kuna mtu atakuja hapa kuwashauri wanunue ile pasi ya Amtrak ya dola 499, safari kumi ndani ya siku 30. Msinunue. Kila mkipanda chombo, hata kama ni basi la Amtrak la kuunganisha, inahesabika safari moja. Nyie mna safari tatu. Pasi ni ya mtu anayetaka kuzunguka: ashuke New Orleans, apande mpaka Los Angeles, arudi kwa Seattle.

Sasa niwaambie humo ndani kulivyo, maana wifi ataniuliza. Viti ni vipana, miguu inanyooka kabisa, na kuna umeme wa kuchajia simu. Mkikaa, mhudumu anaandika kituo chenu kwenye kikaratasi na kukichomeka juu ya kiti. Kikaratasi hicho ndicho kitakachofanya awaamshe usiku. Ukihamia kiti kingine, hama nacho, la sivyo unaweza kupitilizwa ukiwa usingizini. Kiyoyozi usiku hakina huruma. Mablanketi ya bure hakuna kwenye viti vya kawaida, kwa hiyo shuka na kanga mbili zikae kwenye begi la mkononi, zisiende behewa la mizigo. Chakula cha mkahawani ni sandwichi na pizza ndogo kwa bei ya uwanja wa ndege. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, matunda. Kubeba chakula chako kunaruhusiwa. Dagaa, wifi, hapana. Behewa limefungwa madirisha na watu wanakaa humo siku mbili.

Kuna behewa moja lina vioo mpaka darini, halina namba za viti, anayewahi ndiye anayekaa. Kutoka Denver wahini mapema, kwa sababu milima inaanza hapo hapo. Treni inapanda inajizungusha hadi inaingia kwenye handaki la Moffat, lililofunguliwa 1928, maili 6 na kidogo za giza tupu. Kabla ya kuingia wanatangaza kila mtu abaki behewa alilomo na milango isifunguliwe, moshi wa injini usije ukaingia ndani. Baada ya hapo ni mto Colorado ubavuni kwa masaa. Kipande hicho cha Denver hadi Salt Lake kinachukua mchana kutwa na ni chenyewe sababu ya kupanda treni. Nebraska mtapita mmelala, hamkosi kitu, samahani wa Omaha.

Ubaya wake ni kuchelewa. Reli nyingi wanazopita ni mali ya kampuni za mizigo, na treni ya abiria mara nyingi inakaa pembeni ikisubiri mabehewa ya makontena yapite. Kuchelewa saa mbili si habari. Kwa hiyo marufuku kupanga kufika Emeryville siku hiyo hiyo ya ndege ya Tanzania. Waje siku tatu kabla, nitawapikia.

---

Kutoka: Mdau wa Minneapolis

Sawa dada muuguzi, nimekubali kwa masanduku manne. Lakini Columbus–Chicago atapandaje treni? Columbus haina treni ya abiria tangu 1979.

---

Kutoka: Mzee wa Trela, Indianapolis

Marahaba kwa wote walioniamkia faragha.

Kijana wa Minneapolis amesema kweli. Columbus ni mji mkubwa bila hata treni moja ya Amtrak, sawa na Nashville, Louisville na Las Vegas. Wa Louisville, ndugu zetu Wakongo na Warundi ni wengi pale, wanalijua hilo. Kwa hiyo kipande cha kwanza ni basi, maili 350 na kitu, karibu siku nzima ukihesabu vituo. Walipie sanduku la pili kila mmoja na waseme alhamdulillah, ni kipande kimoja tu. Ama mtu mwenye gari awapeleke siku ya mapumziko. Mimi napita Columbus mara kwa mara lakini kampuni hairuhusu abiria, msianze kunipigia.

Kitu ambacho vijana hawakukisema: basi na treni ni tiketi za kampuni mbili tofauti. Basi likiwachelewesha mkaikosa treni ya saa 8, Amtrak hawadaiwi chochote. Ukikata treni kwa treni katika tiketi moja, ukichelewa kwa kosa lao wanakutafutia nyingine. Hapa hamna kinga hiyo. Mmesema Chicago mnakaa siku mbili, vizuri, hizo siku ndizo ziwe kinga yenu.

Basi liwe la mchana. Miji mingi imepoteza vituo vyake. Philadelphia kile cha mtaa wa Filbert kilifungwa 2023, abiria wakabaki wanasubiri kando ya barabara. Kwingine basi linakushusha mbele ya sheli. Saa 9 mchana hilo halina neno. Saa 9 usiku na masanduku manne, wanangu, ni jambo jingine. Niliwahi kumkuta mama mmoja wa kwetu Illinois, ameshushwa na kampuni moja ya basi kwenye maegesho ya supamaketi iliyofungwa, mvua inanyesha, simu haina chaji. Nilimkalisha kwenye kabini ya trela langu mpaka mwanawe akafika. Ramani ya programu itakuonyesha anuani ya kushukia kabla hujalipa. Isomeni, muitazame kwa picha za barabarani.

Kuhusu gari, dada kakataa na mimi namuunga mkono, ila kwa wengine mtakaosoma baadaye. Kutoka Columbus shika I-70 hadi Indianapolis, panda I-74 hadi kwenye mto Mississippi, halafu I-80 moja kwa moja. Njia hiyo inakwepa foleni ya Chicago na barabara zake za kulipia. Maili 2,450 hivi. Gari la maili 30 kwa galoni litakunywa galoni 82. Zidisha na bei ya mafuta ya wiki hiyo, gawanya kwa watu wanne, unaona rahisi. Lakini ukikodi na kuliacha mji mwingine kuna ada ya kuliacha, na hiyo ada peke yake inaweza kuzidi kodi ya wiki. Aliye chini ya miaka 25 anaongezewa tena. Kwa mgeni, leseni ya nyumbani kampuni nyingi zinaipokea pamoja na pasipoti, na kile kibali cha kimataifa kinachukuliwa nyumbani kabla ya kupanda ndege. Huku AAA, chama cha wenye magari, wanawapa wenye leseni za Marekani tu. Na baridi ikiingia, I-80 pale Wyoming kati ya Laramie na Rawlins inafungwa mara kwa mara. Upepo pale unalaza trela tupu. Nimeziona zimelala ubavu, foleni nzima.

---

Kutoka: Mtu wa Bukavu, Salt Lake City

Jambo wandugu. Mimi niko hapa Salt Lake. Treni ya kutoka Denver inafika huku karibu saa 5 ya usiku, na mara mingi inachelewa kupita hapo. Kituo ni kadogo, hakuna duka, hakuna kitu. Ile ya kuendelea California nayo inaondoka usiku ule ule karibu saa 6, kwa hiyo hata kupanda ni usiku. Waniandikie faragha, nitakuja kuwapokea na gari, masanduku yataingia. Kanisani kwetu tuko familia mingi za Kongo na Burundi, pa kulala hapatakosekana. Hoteli ya nini?

---

Kutoka: Mdau wa Phoenix

Moja tu. Pasipoti isiwekwe kwenye sanduku la chini. Na karatasi ya I-94, ile rekodi ya kuingia nchini, waichapishe kutoka tovuti ya CBP, idara ya forodha na mpaka, bure, wakae nayo mwilini. Maafisa wa mpaka wana mamlaka mapana ndani ya maili 100 kutoka mpakani, na hiyo maili 100 inahesabiwa hata kutoka baharini. Huku kusini kuna vizuizi vya kudumu barabarani, kama kile cha Sierra Blanca kwenye I-10 Texas, basi zima linasimamishwa na kila mtu anaulizwa. Wenye kadi ya kijani wa miaka 18 na zaidi, sheria inataka uwe nayo mfukoni, picha kwenye simu si kadi. Na wakibadili mawazo wakaamua kuruka, pasipoti ya Tanzania inatosha uwanjani.

---

Kutoka: Dada wa Columbus

Mzee shikamoo, na wengine wote asanteni sana.

Tumekaa nao mezani jana. Basi la asubuhi kwenda Chicago, nalipa mimi masanduku mawili ya ziada. Treni ya Jumanne kwenda Denver. Denver usiku mbili, kisha Salt Lake kwa kaka wa Bukavu (nimekuandikia), halafu Emeryville siku nne kabla ya ndege. Tiketi zote tatu za treni kwa wote wawili zimeingia ndani ya bajeti na chenji imebaki, ambayo wifi ameshaipangia kazi.

Swali la mwisho. Denver kwa hizo siku mbili, masanduku tunayafanyaje? Aliyewakaribisha anakaa Aurora ghorofa ya tatu, hakuna lifti.

---

Kutoka: Muuguzi wa Oakland

Wasiyabebe yote. Wakiwa kwako wapange manne upya: moja liwe la nguo za safari za wote wawili, matatu yawe ya zawadi na vitu visivyofunguliwa mpaka Tanga. Wakifika Denver waulize kaunta ya mizigo kama wanahifadhi na kwa bei gani. Wakikataa, simu ina programu za kuhifadhi mizigo madukani, unalipa kwa siku kwa kila sanduku, na maduka mengi yako karibu na Union Station, kituo chenyewe cha treni. Linganisheni na bei ya teksi kubwa kwenda na kurudi Aurora kabla ya kuamua.

Na mpime yote nyumbani kabla hamjaondoka. Amtrak pauni 50 wanazipima kweli.